Kiua cha Juu Miambani

"Haki ya Mungu, shemeji, tuliachana darajani. Mumeo akapanda, mimi nikageuza."

Mara ya tatu sasa mpagazi anayarudia hayo, na hakuna aliyemuuliza. Mume mwenyewe, kiongozi wa wapanda mlima, hajaonekana tangu Jumatatu.

Mkewe aliinama kuchukua kikombe, akaganda hapo hapo. Kwenye kamba ya kiatu cha mpagazi kilinasa kiua cheupe, kikavu kama karatasi. Miaka kumi amekausha maua ya mlima huu kwa ajili ya hifadhi, akiandika kila ua limechumwa kwenye mwinuko gani. Darajani huota ya manjano tu. Hiki huota miambani, juu ya kibanda cha mwisho cha wapanda mlima.

"Ngoja nikuongezee chai, shemeji," alisema, akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani.