Ng'ambo ya Ziwa

Dakika ishirini baada ya kupiga simu, Colm aliziona taa za buluu za gari la wagonjwa kupitia dirisha la jikoni. Zilikuwa ng'ambo ya ziwa.

Mkewe alikuwa amelala sakafuni, slipa moja ya sufu imemtoka mguuni. Midomo yake ilianza kufanana rangi na zile taa.

"Mzee, wamefika pale ramani ilipowaelekeza," alisema dada wa simu ya dharura. "Wanasema hapo pana ng'ombe tu."

Kiangazi kilichopita, alipochoka na watalii wa Dublin waliokuwa wakigeuza magari uani kwake, Colm alifungua ramani ya mtandaoni kwenye simu, akaihamishia anwani yake kwenye malisho ya ng'ambo. Mkewe alicheka mpaka akafuta machozi. "Una roho mbaya wewe. Sasa hata kifo kikitutafuta kitapotea njia."

"Waambie wazunguke ziwa," alisema Colm. "Nyumba nyeupe, mlango wa kijani."

"Ni mwendo wa muda gani?"

"Dakika arobaini."

Yule dada aliwapa wale wa gari maelekezo, kisha akarudi kwa Colm. "Hiyo anwani aliiweka nani, mzee?"

Colm alipiga magoti, akamvisha mkewe slipa. Mguu ulikuwa unapoa.