Madoa Kwenye Mpunga Usiougua

Bonde zima lilipanda mbegu moja tu, ile ambayo ramani ya vinasaba vyake ilithibitisha kwamba kuvu haiwezi kuishambulia. Mbegu za zamani zilipigwa marufuku, na aliyekutwa nazo alifungwa. Kwa hiyo Semeni alipoona madoa ya kijivu yenye umbo la jicho kwenye majani ya mpunga wake, aliinama kuyatazama tena kwa karibu. Akamwita bwana shamba, Mwambeta.

Mwambeta alielekeza kipimo chake cha vinasaba kwenye jani. Taa ya kijani ikawaka.

"Mashine inasema ni mzima, mama."

"Na macho yako yanasemaje, baba?"

Mwambeta alitazama majaruba ya majirani, yaliyoanza kupauka mpaka upeo wa macho. Kisha akamsogelea, akanong'ona, "Mama, hukuficha mbegu yoyote ya bibi zako?"

Semeni akaufikiria mtungi alioufukia jikoni, akawafikiria na wanawe wakibaki bila mama. Huu ni mtego, akajiambia.

"Sina, baba. Nilizichoma zote."

Bwana shamba akaketi kwenye ukingo wa jaruba, papo hapo topeni, akaangua kilio: "Basi hata wewe huna!" Hapo ndipo Semeni alipoogopa kweli.