Kikombe cha Balozi

Balozi Shekue alipokea kikombe cha kahawa, akakiweka zuliani bila kunywa. Miaka ishirini Uarabuni ilikuwa imemfunza: mgeni mwenye haja hanywi mpaka mwenyeji aikubali. Akinywa kabla, basi ameiacha haja yake. Na haja yake ilikuwa manesi tisa waliotekwa na watu wa sheikh huyu.

Sheikh alikitazama kikombe. Tasbihi ikasimama vidoleni mwake.

"Kunywa bwana," alinong'ona Waziri, aliyewasili jana kutoka nyumbani. "Unatuaibisha."

"Subiri, Mheshimiwa. Nakuomba."

Hatimaye sheikh akafunua kinywa aseme. Waziri, jasho likimtiririka, akatabasamu kwa adabu zote, akakitwaa kikombe cha Balozi, akakimimina kooni.

Sheikh akafumba kinywa.