Zimwi Lenye Ndala za Bluu

Siku hizi filamu husikia maneno ya watazamaji na kujirekebisha papo hapo. Ndiyo maana Mwanakombo na mumewe, Shomvi, hawakunyamaza zimwi lilipotokea kwenye runinga.

"Hebu ona zipu hiyo mgongoni!" Shomvi alicheka. Zipu ikatoweka.

"Na manyoya kama godoro lililochanika!" Yakaota manyoya ya kweli.

Mwanakombo naye akataka kujaribu. "Zimwi zima na ndala za bluu! Tena linaingia nazo nyumbani kwa watu. Halina adabu?"

Zimwi likasita, likatazama miguu yake, likatoka kwenye picha.

Wakalisubiri. Mwishowe Mwanakombo akaenda kuchungulia mlangoni. Kando ya viatu vyao, ndala za bluu zilikuwa zimevuliwa na kupangwa vizuri. Nje hapakuwa na mtu. Huko sebuleni, Shomvi alikuwa ameacha kucheka.