Sifuri ya Mama Kantengwa

Skrini ilionyesha sifuri tena.

Joël alikitoa kihisi cha mashine kinywani mwa Mama Kantengwa, akakivua mfuko wake wa plastiki, akakipangusa kwa kitambaa laini chenye spiriti, polepole, kama anayemfuta mtoto machozi. Kilipokauka akakivalisha mfuko mpya.

"Uma kwa nguvu, Mama."

Mama akajifunika kinywa kwa kitenge, akatazama ukuta.

Sifuri.

Mbarara nzima, Joël alijigamba, hakuna aliyejua kutunza mashine ya kupima nguvu ya meno kama yeye. Na leo mgonjwa alikuwa mama yake Élyse, katoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na gego bovu. Wazee wa Joël walikuwa wamepeleka kwa mama huyo posa ya Élyse tangu kiangazi. Mvua zilikuja, zikaisha, jibu halikuja.

"Pengine imekufa," Élyse alisema, ameketi kando ya mama yake.

"Ife vipi? Mimi ndiye ninayeisafisha!"

Akabadilisha mfuko, akauma mwenyewe. Namba zikaruka juu. Akakagua waya kama umekunjika, akapuliza vumbi kwenye plagi yake, akakivalisha kihisi mfuko mpya, akamrudishia Mama.

Sifuri.

"Mama, unaogopa mashine?"

"Hapana." Hakumwangalia.

"Inakuumiza?"

"Hapana."

Daktari wa meno, Tumwine, akachoka kungoja. "Joël, hebu toka nje kidogo. Nijaribu mimi."

Joël akasimama koridoni na kitambaa chake mkononi. Mara akasikia mashine ikilia, na daktari akicheka: "Eh, mama! Wewe unaweza kuvunja mfupa!"

Kumbe kihisi kilikuwa kizima. Ubaya ulikuwa yeye. Angekataliwa kwa maneno, angebishana mpaka jua lizame. Lakini utabishanaje na sifuri?

Élyse akatoka, ameshika mbavu kwa kicheko.

"Cheka tu," Joël alisema. "Kwa daktari anauma, mimi ananinyima hata meno. Si angesema tu kwamba hanitaki?"

"Wewe mutoto wa mujini, kule Bukavu hawakukufundisha kitu?" Élyse akajifuta machozi. "Kwetu mama hatafuni mbele ya mukwe wake."