Mke wa Upande wa Kushoto

Sheria ilimtaka mke wa mgonjwa wa kiharusi akae kushoto kwa mumewe, asiseme neno mpaka mgonjwa ageuke mwenyewe amwone. Miwani ya tiba, iliyovaliwa na mgonjwa na kusema kama mtu, ndiyo iliyosimamia sheria hiyo. Rugaimukamu, ambaye ubongo wake haukuutambua tena upande wa kushoto, alikula nusu ya kulia ya sahani ya matoke kila siku, kisha akalalamika kwamba amepunjwa.

Kokuhirwa, mkewe, ambaye yeye alizoea kumwita Mama Byera, alimtazama kwa dharau. Kwa miaka arobaini mwanamume huyu alikuwa na afya tele, na hata hapo hakumjali.

“Mama Byera amenikimbia,” Rugaimukamu alimwambia mdogo wake aliyekuja kumjulia hali. “Mwanamke hana shukrani!”

Shemeji aliona aibu, akainama. Kokuhirwa alikuwa palepale, kushoto kwa mumewe, akisuka mkeka.

Wiki ya tisa miwani ilisema, “Geuza shingo, mzee. Zaidi kidogo.” Akageuka mpaka macho yao yakakutana.

“Kumbe upo,” alisema. “Chai yangu iko wapi?”

“Hongera, mzee,” miwani ikasema. “Mama, sasa unaruhusiwa kuzungumza.”

Kokuhirwa alinyanyua kiti chake taratibu, akakisogeza kushoto zaidi, na zaidi tena, mpaka macho ya mumewe yakaanza kumtafuta, kisha yakaacha.