Mashuka Juu ya Paa

"Piga," Brigedia alisema, na ofisa wa mizinga akanyanyua simu.

"Hapana, afande," nilisema.

Chumba kizima kiliguna. Walinibatiza Mama Hapana tangu nilipoletwa kuwa mwanasheria wao, na hakuna aliyewahi kuniwekea kiti. Nilisimama ukutani kama feni mbovu.

"Mama Hapana, lile ni ghala la silaha la adui," Brigedia alisema, akionyesha jengo kwenye skrini. "Leo umeona nini tena?"

Nilikuwa nimeona mvua. Matone yalianza kuigonga kamera ya droni, na juu ya paa mwanamke alitoka mbio kuanua mashuka. Yalikuwa mengi, meupe, ya ukubwa mmoja. Aliyatupia begani bila kuyakunja, kama alivyofanya mama yangu mvua ilipomkuta.

"Afande, ghala gani linafua mashuka yote hayo? Mle mna wagonjwa, na sheria ya vita haimhesabu mgonjwa kuwa adui. Ukipiga, shahidi wa kwanza dhidi yako nitakuwa mimi."

Ofisa wa mizinga alibaki na simu sikioni, akimtazama mkubwa wake.

Kwenye skrini mwanamke alivuta shuka la mwisho. Mtu mwenye magongo kwapani akamshikilia mlango kwa bega, wakaingia ndani.

Brigedia alivua kofia.

"Weka simu chini," alisema. Kisha akamgeukia mlinzi wa mlangoni. "Na wewe, mletee mwanasheria wangu kiti."